Lahajedwali, moduli au programu maalumu: kuchagua mfumo wa kusimamia nafasi za matairi kwenye malori

Lori la ekseli 6, yaani kichwa chenye difu mbili (ekseli za nyuma zinazozungushwa na injini) kinachovuta tela la ekseli 3, hutembea juu ya matairi 22: mawili ya mbele, manane ya difu na 12 ya tela, bila kuhesabu spea. Kampuni yenye malori 20 ya aina hiyo ina matairi 440 barabarani kwa wakati mmoja, na kila tairi huweza kuhamishwa mara kadhaa kabla halijatupwa. Msimamizi wa magari hayo hufika mahali ambapo daftari la stoo halimpi tena majibu, naye hujikuta kati ya njia tatu: kuendelea na lahajedwali (jedwali la kompyuta kama la Excel) iliyopangwa vizuri zaidi, kutumia moduli ya matairi iliyomo ndani ya programu anayosimamia nayo magari yake, au kununua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya matairi peke yake. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa vigezo vilevile, yakichukua mfano wa malori ya masafa marefu yanayotoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa kwenda bara.

Kwa nini nafasi, na si idadi peke yake

Kwa viwango vya uzito vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele yenye matairi mawili inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za difu zenye matairi manane tani 18, na ekseli tatu za tela zenye matairi 12 tani 24. Ukigawanya mizigo hiyo utaona kwamba kila tairi la mbele huweza kubebeshwa tani 4, la difu tani 2 na robo, na la tela tani 2. Sasa chukua tairi la 315/80R22.5 lenye alama ya mzigo 156/150: limeidhinishwa kubeba kilo 4,000 likifungwa peke yake, na kilo 3,350 likifungwa pacha na jingine, yaani mawili bega kwa bega upande mmoja wa ekseli. Mbele, tairi hilo hufanya kazi kwenye ukomo wake kabisa, ilhali nyuma linabaki na akiba kubwa. Tairi lililochoka kidogo, ambalo lingemaliza maisha yake salama kwenye tela, ni hatari likirudishwa mbele, na taarifa inayosema tu kwamba stoo ina matairi 30 haimwambii fundi lipi liende wapi.

Sheria za nchi nyingine nazo hupima tairi kwa mahali lilipofungwa. Marekani inataka kashata (michongo ya kwenye uso wa tairi unaogusa barabara) za tairi la mbele la lori ziwe na kina kisichopungua milimita 3.2 hivi, wakati magurudumu mengine yanaruhusiwa nusu ya hapo, tena inakataza basi kufungwa mbele matairi yaliyovishwa kashata upya. Nchini Uingereza, tangu Februari 2021, tairi lenye umri wa zaidi ya miaka 10 haliruhusiwi kwenye ekseli ya mbele ya lori wala ya basi kubwa.

Kuna pia suala la matairi pacha. Likiwa jipya kando ya lililokwisha, lenye kipenyo kikubwa hubeba mzigo wa mwenzake, na dogo huburuzwa na kulika upesi. La ndani likipungua upepo halionekani kwa urahisi. Hupata joto, hupasuka, na la nje hubaki na mzigo wa mawili. Kwa hiyo kumbukumbu yenye maana ni ile inayoonyesha tairi lipi limefungwa pamoja na lipi, na tangu lini.

Vigezo tutakavyopimia

Kigezo cha kwanza ni jinsi mfumo unavyozitaja nafasi. Kila nafasi iwe na jina moja tu, linaloeleweka kwa fundi wa yadini, kwa dereva aliyekwama njiani na kwa mhasibu. Kusema “upande wa dereva” hakutoshi, kwa sababu lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali au Lubumbashi huingia katika nchi zinazoendesha upande wa kulia, na katika yadi moja huweza kukutana magari yenye usukani kulia na yenye usukani kushoto. Kushoto na kulia vihesabiwe kwa mtu anayetazama mbele ya gari. Vifupisho vya herufi moja navyo vinachanganya, kwa kuwa kushoto na kulia vinaanza na herufi ileile, kama vilivyo nje na ndani. Namba ni salama zaidi: 1 hadi 10 kwa kichwa, 1 hadi 12 kwa tela, zikihesabiwa kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka kushoto kwenda kulia, kisha zipakwe rangi kwenye madigadi au kwenye chasi juu ya kila gurudumu.

Kigezo cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoangusha mifumo mingi, ni tela. Kichwa kikiharibika Mikumi, tela hufungwa kichwa kingine na safari inaendelea. Mfumo unaolichukulia lori na tela lake kuwa gari moja lenye nafasi 22 utakuwa na makosa 12 kuanzia saa hiyo. Tela linapaswa kuandikishwa kama chombo kinachojitegemea, chenye nafasi zake na historia yake, na mfumo uhifadhi tarehe lilipofungwa na lilipofunguliwa kwenye kila kichwa.

Kutoka hapo huzaliwa kigezo cha tatu, kilomita. Kichwa kina mita ya kuhesabia mwendo. Tela kwa kawaida halina, isipokuwa limefungwa mita ya kwenye kitovu cha gurudumu. Kilomita za tairi la tela basi ni jumla ya kilomita za vichwa vyote vilivyolivuta katika muda ambao tairi hilo lilikuwa pale. Bila hesabu hiyo huwezi kujua gharama kwa kilomita, na gharama kwa kilomita ndiyo inayoamua aina ya tairi la kununua. Tuseme tairi moja linauzwa shilingi 900,000 na kwenda kilomita 90,000, na jingine linauzwa shilingi 600,000 na kwenda kilomita 40,000: la kwanza ni shilingi 10 kwa kilomita, la pili ni 15. La bei nafuu ndilo ghali, lakini hutalijua hilo ikiwa matairi yalihamahama bila kuandikwa.

Kigezo cha nne ni nani anayeandika, na wakati gani. Tairi huhamishwa na fundi tairi mwenye mikono yenye grisi, au na dereva na utingo wake usiku kando ya barabara. Mfumo unaosubiri karani aje Jumatatu kunakili karatasi utapitwa na matukio. Uliza kama simu inaweza kupokea taarifa pasipo mtandao na kuzituma baadaye, kama picha ya tairi inaweza kuambatishwa, na kama maneno ya kwenye skrini yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili au angalau kubadilishwa na wewe mwenyewe.

Mwisho ni utambulisho wa tairi lenyewe, bei ya mfumo na umiliki wa taarifa. Namba kamili ya kiwandani mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi. Tarakimu zake nne za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi likifungwa na upande huo ukitazama ndani, namba haisomeki. Ndiyo maana kampuni nyingi huchoma namba zao wenyewe kwa chuma cha moto ubavuni, kwa kina kidogo kisichofika kwenye nyuzi, pande zote mbili. Kazi hiyo pia hupunguza kishawishi cha kubadilisha tairi zima kwa kipara njiani, na inahitajika katika njia zote tatu zinazofuata.

Njia ya kwanza: lahajedwali ya Excel au Google Sheets

Nafasi na tela. Lahajedwali hukubali mpangilio wowote unaoutaka, na hapo ndipo nguvu na udhaifu wake vinapokutana. Makosa ya kawaida ni kutengeneza ukurasa mmoja kwa kila lori, wenye visanduku 22, na kufuta namba ya zamani kila tairi linapobadilishwa: kwa mtindo huo unajua hali ya leo, lakini historia yote imepotea. Mpangilio unaofaa una majedwali matatu. La kwanza linaorodhesha matairi, kila moja na namba yake, saizi, chapa, tarehe ya kutengenezwa na bei. La pili linaandika matukio, kila tukio mstari wake: tarehe, namba ya tairi, lilikotoka, lilikokwenda, kilomita za gari, kina cha kashata, upepo, sababu na jina la fundi. La tatu linaandika ni kichwa kipi kilivuta tela lipi, kuanzia lini hadi lini. Mistari ya matukio haifutwi kamwe. Kosa hurekebishwa kwa mstari mpya.

Kilomita na gharama. Zinapatikana kwa fomula, ila hesabu ya tela inahitaji mtu anayezijua fomula vizuri, na mtu huyo akiondoka kazini mfumo huweza kuondoka naye.

Kazi ya kila siku. Google Sheets huruhusu watu wa yadi mbili kuandika kwa wakati mmoja, na fomu yake inajazwa kwa simu. Kinachokosekana ni ulinzi: hakuna kinachomzuia mtu kuandika tairi moja kwenye nafasi mbili, isipokuwa umeweka kanuni ya kukagua na rangi ya kuonyesha marudio. Mwenye malori machache ataliona kosa kwa macho, lakini penye matairi mia kadhaa hataliona.

Gharama na umiliki. Karibu bure, na taarifa ni zako moja kwa moja.

Inamfaa nani. Mwenye malori hadi kumi hivi, yadi moja na mtu mmoja makini anayesimamia matairi. Inamfaa pia kampuni kubwa inayojiandaa kununua programu, kwa sababu majedwali hayo matatu ndiyo yatakayohamishiwa kwenye mfumo mpya.

Njia ya pili: moduli ya matairi ndani ya programu ya magari

Nafasi na tela. Programu nyingi za kusimamia magari huonyesha mchoro wa gari likitazamwa kutoka juu, na tairi huhamishwa kwa kuliburuta kwa kidole. Kabla hujavutiwa na mchoro, jaribu mpangilio wa magari yako halisi: kichwa cha difu mbili, tela la ekseli 3, ekseli inayoinuliwa, sehemu ya spea, na tela lenye matairi mapana ya 385/65R22.5 ambalo kila upande wa ekseli una tairi moja badala ya mawili. Ikiwa programu ina michoro michache isiyobadilika, utalazimika kuwadanganya mafundi wako kwamba nafasi fulani zipo au hazipo, nao wataacha kuiamini. Jaribu pia kuhamisha matairi manne kwa mkupuo. Kuna moduli zinazolazimisha kila tairi lirudishwe stoo kwanza kabla ya kwenda nafasi mpya, na zoezi la nusu saa yadini hugeuka kuwa saa mbili za kubofya.

Kilomita na gharama. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine kwa kawaida. Mwendo wa kichwa tayari unaingia kutoka kwenye kifaa cha kufuatilia gari, manunuzi na stoo vipo katika mfumo uleule, na kadi ya kazi ya gereji inaunganishwa na tairi lililobadilishwa. Lakini chunguza jambo moja: baadhi ya moduli hulichukulia tairi kama chujio la mafuta, yaani likitoka stoo limekwisha tumika na halifuatiliwi tena. Moduli ya aina hiyo inakuambia umenunua matairi mangapi, haikuambii yako wapi.

Kazi ya kila siku. Dereva na fundi hujifunza skrini moja badala ya mbili, na ukaguzi wa asubuhi kabla ya safari huweza kujumuisha upepo na kashata. Hata hivyo, kupima kashata kwa undani, kwa mfano sehemu tatu za upana wa tairi ili kugundua kulika upande mmoja kunakotokana na alaimenti mbaya (magurudumu kutonyooka sawasawa), mara nyingi hakuna nafasi yake.

Gharama na umiliki. Kwa kawaida ni nyongeza kwenye ada unayolipa tayari kwa kila gari. Uliza kama tela nalo linahesabiwa kuwa gari katika ada hiyo, kwa sababu jibu linaweza kuongeza bili yako sana.

Inamfaa nani. Kampuni ambayo tayari inaitumia programu hiyo kweli, kwa mafuta, matengenezo na safari, na ambayo lengo lake kuu ni kudhibiti upotevu na matumizi.

Njia ya tatu: programu maalumu ya matairi

Nafasi na tela. Programu ya namna hii huanza na tairi, kisha ndipo huja gari. Tairi lina kitambulisho kinachodumu tangu linaponunuliwa hadi linapotupwa, likipitia mbele, difu, tela, kiwanda cha kuvisha kashata upya na kurudi tena. Mifumo iliyokomaa hukataa tairi moja kuwa mahali pawili, na huonya matairi pacha yanapopishana mno kwa kina cha kashata au kwa saizi. Onyo hilo, likitolewa wakati gurudumu bado liko chini, lina thamani kuliko ripoti nyingi za mwisho wa mwezi.

Kilomita na gharama. Uchambuzi ni wa kina: gharama kwa kilomita kwa kila chapa, kwa kila nafasi na kwa kila njia, kasi ya kulika kwa kashata, makadirio ya lini tairi litolewe ili mwili wake uwe bado mzima wa kuvishwa tena, na sababu za matairi kutupwa. Tatizo ni kwamba kilomita hutoka kwingine. Ikiwa programu haikuunganishwa na kifaa cha kufuatilia magari, mtu atalazimika kuingiza mwendo kwa mkono, na makosa yake yataingia katika kila hesabu.

Kazi ya kila siku. Fundi hutembea na simu, na pengine kipimo cha kidijitali kinachotuma kina cha kashata moja kwa moja. Ukaguzi wa lori zima huenda haraka akiwa amezoea. Lakini ni mfumo wa pili, wenye nywila yake na mafunzo yake, nao unahitaji mtu ambaye kazi yake ni matairi. Mahali ambapo fundi tairi ni kibarua wa siku, programu hii hubaki na taarifa za mwezi wa kwanza tu.

Gharama na umiliki. Ni ghali kuliko nyingine, ukijumlisha leseni, vipimo na muda wa kuandikisha matairi yote mara ya kwanza. Baadhi ya mifumo hutolewa na watengenezaji au wauzaji wa matairi pamoja na huduma zao. Si vibaya kuitumia, mradi uweze kulinganisha chapa zote kwa uhuru, na kuondoka na historia yako yote siku utakapobadilisha muuzaji.

Inamfaa nani. Kampuni yenye mamia ya matairi barabarani, inayovisha kashata upya, inayobadilisha matela mara kwa mara, na yenye kitengo cha matairi chenye watu wa kudumu.

Kuhusu chipu na vihisi vya upepo

Wauzaji huvitaja vifaa hivi kana kwamba vinaondoa haja ya kuchagua. Havifanyi hivyo. Chipu ya utambulisho isiyo na betri, ambayo viwango vyake vya matairi viko katika mfululizo wa ISO 20909 hadi 20912, inatatua tatizo la kusoma namba: kifaa cha mkononi hulitambua hata tairi lililopakwa tope. Hata hivyo inasema tairi ni lipi, na nafasi bado inathibitishwa na mtu.

Kihisi cha upepo na joto kina thamani kubwa kwa usalama, hasa kwa tairi la ndani, na Umoja wa Ulaya umeufanya ufuatiliaji wa upepo wa matairi kuwa wa lazima kwa malori na matela mapya yote tangu Julai 2024. Vichwa na matela yaliyotumika ambayo huletwa kutoka Ulaya yataanza kufika huku yakiwa navyo. Tahadhari ni hii: kihisi huandikishwa kwa nafasi. Gurudumu likihamishwa bila kuandikishwa upya, dereva anayeteremka mlima Kitonga ataonywa kuhusu tairi la kushoto ilhali linalopungua upepo liko kulia. Vihisi kwa hiyo huongeza uzito wa kuandika kila uhamisho, havipunguzi.

Mwongozo kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kuyaandika matairi yako yote na namba zake, usinunue chochote kwanza. Choma namba, paka nafasi, jaza majedwali matatu, na uyaendeshe kwa mzunguko mmoja kamili wa kuhamisha matairi. Kama hata hilo linashindikana, tatizo liko kwa mtu aliyekabidhiwa kazi au kwa muda aliopewa.

Ikiwa una programu ya magari inayofanya kazi na matela yako hayabadiliki vichwa mara kwa mara, moduli yake inatosha kwa hali nyingi, hata kama ripoti zake ni za juujuu. Ikiwa matela hubadilishana vichwa kila wiki, fanya jaribio la tela kabla ya jambo lolote: fungua tela kwenye kichwa kimoja, lifunge kwenye kingine, kisha uulize mfumo kilomita za tairi namba 7 la tela hilo. Moduli isiyoweza kujibu iachwe, hata kama ni ya bure.

Kampuni ya mabasi, yenye magari yanayofanana na yasiyo na matela, haina sababu kubwa ya kuingia gharama ya programu maalumu, ila ihakikishe mfumo wake unaonyesha umri wa tairi la mbele na unakataa lililovishwa upya kufungwa huko. Kampuni ya kubeba mafuta au kemikali ifikirie vihisi mapema, kwa sababu tairi linalopata joto chini ya mzigo wa aina hiyo ni suala la maisha ya watu.

Kwa anayekaribia kutia saini mkataba, mwalike muuzaji yadini siku ambayo matairi yanahamishwa kweli. Mkabidhi simu fundi wako, si kijana wa mauzo, na mtandao uzimwe. Kabla magurudumu hayajakazwa nati na gari kuondoka kwenda mizunguko yake ya kwanza ya kilomita 50 hadi 100 ambapo nati zitakazwa tena, fundi awe amekwisha kuandika nafasi zote mpya. Kisha omba faili la matukio hayo, lenye tarehe, namba ya tairi, nafasi ya zamani, nafasi mpya na kilomita, lifunguke kwenye lahajedwali ya kawaida mbele yako.